Wimbo Mzima, Kichwa Hadi Mkia

Mtu anayelipa bei ya kwanza anastahili kuonewa huruma, lakini si kabla hujapokea pesa yake. Hivyo ndivyo nilivyokutana na mwalimu wa chuo kikuu. Ilikuwa sokoni Rodi Kopany, miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa nimekaa nyuma ya lundo la samaki wa ngege wakavu niliowatoa Homa Bay, nikipunguza mzigo kabla ya kurudi nyumbani Migori. Akauliza samaki wawili ni bei gani. Nikamtajia bei ninayowatajia watu wenye viatu vilivyopigwa rangi. Akalipa.

Nikahesabu zile sarafu mara mbili. Hazikuwa nyingi, nilitaka tu kuhakikisha siko usingizini. Kisha nikamwita.

"Mwanangu, kwenu wapi?"

"Natoka pwani, mama."

"Na huko pwani hakuna soko?"

"Lipo, mama. Sokoni huenda mama yangu."

Nikamrudishia sarafu moja na kumwongezea samaki wa tatu, tendo ambalo sijalirudia tangu siku hiyo. Mtu mzima asiyejua kubishana ni kama mtoto amekaa karibu na moto. Huwezi kupita tu. Na Kiswahili chake, jamani! Kilikuwa kimepigwa pasi na kukunjwa vizuri. Sisi Kiswahili chetu kilikuwa cha kwendea shamba, ukikichana hujali.

Alikaa juu ya gunia langu tupu, akanieleza shida yake, na mimi nikasikiliza kwa sababu mvua ilikuwa imefukuza wateja. Huko chuoni kwao kulikuwa na kamati. Kamati hiyo ndiyo iliyogawa pesa za utafiti na viti vya Landrova. Watu wa samaki walikuwa na viti, wa udongo walikuwa navyo, hata wale wa mbung'o wa bonde la Lambwe. Yeye alikuwa mtu wa nyimbo. Alipewa kiti kimoja cha nyuma, baina ya machupa ya samaki waliolala ndani ya spiriti, kwa majaribio. Akaambiwa alete kitu kimoja kizima: wimbo mmoja kamili, kichwa hadi mkia, kwenye utepe, unaoweza kupimwa na kuwekwa kabatini kama wao wanavyoweka samaki. Mwenyekiti wa kamati angekuja Homa Bay baada ya wiki mbili kuusikiliza. Akikosa, kiti kinarudi kwa samaki, na yeye anarudi kufundisha shule ya msingi.

"Mwenyekiti ndiye nani?"

"Ni yule profesa wa samaki. Yule mrefu."

Yule nilimjua. Nani pale gatini Homa Bay hakumjua? Alikuwa Mzungu mwembamba, mwenye miwani na kaptura, aliyenunua samaki wazuri kabisa, akawapasua tumbo, akaandika wamekula nini, kisha akawatupa. Miaka mingapi nimewatazama watu na samaki, sikupata kuona mtu anayemuuliza samaki umekula nini badala ya kumla. Wavuvi waliamini ni mtu wa kodi. Kwa hiyo alipouliza umevua wapi, walimwonyesha upande mwingine wa ghuba, na alipouliza umevua wangapi, walitaja nusu. Wanawake wa samaki tulitaja nusu ya ile nusu. Yeye akaandika yote kwa mwandiko mzuri sana.

"Nitafutie mpigaji nyatiti, mama," mwalimu akasema. "Unitafsirie, na unisaidie kuelewana bei. Nitakulipa."

"Kiasi gani?"

Akataja. Nikashika kichwa. "Mwanangu, unatakiwa utaje nusu yake, halafu mimi nilie."

Akataja nusu yake. Nikalia. Tukamaliza pale alipoanzia, lakini angalau sasa ilikuwa imefanywa kwa adabu.

Mpigaji niliyemjua alikaa mwendo wa saa moja kutoka sokoni, mzee mkavu mwenye macho ya mtu aliyesikia uongo wa kila aina na kuupa kila mmoja tuni yake. Nyatiti yake, ile ala yetu ya nyuzi, ilikuwa imeegeshwa ukutani. Nilihesabu nyuzi nane, nikahesabu tena kutoka juu, nane. Sikuigusa. Kwetu mwanamke hagusi nyatiti, kuhesabu hakujakatazwa.

Tulibishana asubuhi nzima, yeye na mimi, kwa Dholuo, mwalimu akiwa katikati akigeuza shingo kama anayetazama mpira. Nilimtoa kwenye mbuzi, nikamshusha kwenye majogoo wawili, nikamfikisha kwenye jogoo mmoja, sukari na shilingi chache. Nilikuwa najisikia vizuri.

"Anataka wimbo gani?" mzee akauliza.

"Wowote, jaduong', mzee wangu, mradi uwe mzima. Kichwa hadi mkia."

"Wimbo si kambare, nyathina, mwanangu." Akanitazama. "Na nani atakuwepo?"

Swali hilo niliona ni la kupandishia bei. Mimi mwenyewe nikitaka kupandisha bei huuliza swali la kando hivyo hivyo. Nikamjibu haraka, "Ni watu wa hapa nyumbani tu na mashine," nikamrudisha kwenye sukari. Katika mambo yote niliyoyabishania siku ile, hilo ndilo peke yake nililompa mtu bure, na ndilo peke yake lililokuwa na thamani.

Tulikwenda Jumapili mchana, baada ya kanisa. "Watu wa nyumbani" niliwahesabu wakawa arobaini na saba. Nilipohesabu mara ya pili walikuwa hamsini na wawili, maana wengine walikuwa bado wanaingia langoni. Mwalimu aliweka mashine yake juu ya kiti, magurudumu mawili ya utepe yakaanza kuzunguka, na mzee akakaa kwenye kigoda chake cha chini, njuga mguuni, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ya kugongea ubao wa nyatiti. Akaanza. Mwalimu akafumba macho. Ilikuwa tamu, sitasema uongo.

Beti ya kwanza haijaisha, kijana wa kiwanda cha pamba alisimama, akatembea polepole kama mwenye shamba, akadondosha sumuni, nusu shilingi nzima, mbele ya mzee. Nyatiti ikanyamaza papo hapo.

"Mimi!" akapaza sauti. "Mimi mvua ya Lambwe! Nikichelewa mnalia, nikija mnalia!"

Watu wakapiga vigelegele. Mwalimu akafumbua macho.

"Mama, kuna nini?"

"Anajisifu. Inaitwa pakruok."

"Mwambie anyamaze, ananiharibia wimbo!"

"Siwezi. Amelipa."

"Amelipa kuuharibu?"

"Amelipa aseme yeye ni nani. Akishasema, mzee ataurudisha wimbo, na huyo mvua atakuwa ndani yake."

Na kweli mzee akaurudisha, mvua ya Lambwe ikanyesha ndani ya beti mbili nzima. Ndipo fundi cherehani mmoja, mpinzani wa yule kijana katika jambo lililohusu msichana fulani, akainuka na sumuni yake. Kimya.

"Mimi mwenye paa la bati! Mvua itanipigia kelele, lakini kuingia haiingii!"

Hapo hata mama wa yule kijana wa pamba alicheka. Kijana akarudi na sumuni nyingine, bati likamjibu, na mzee wa kanisa akaona haiwezekani watu wajisifu mbele yake na yeye akae tu kama mtungi. Nilihesabu visimamo ishirini na tatu. Wimbo wenyewe ulikuwa juu ya nini, hadi leo sikumbuki, nadhani kulikuwa na ng'ombe.

Utepe ulipoisha mwalimu aliurudisha nyuma, akausikiliza huku ameshika saa. Nusu saa nzima ya utepe, na ndani yake wimbo dakika nne. Zilizobaki ni watu wakijitangaza.

"Kamati itasema nimewaletea mnada," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu, nami nikajifanya ni vumbi.

Mtu wa sokoni akikwama hutafuta njia ya panya. Nikaenda kwa mwalimu mkuu wa shule iliyokuwa karibu, nikaomba darasa moja siku ya Jumamosi. Mzee nikampa jogoo wa pili, yule niliyemnyima awali, na kukubali kwangu kulimshangaza kuliko jogoo mwenyewe. Jumamosi ile tukamwingiza darasani, yeye, mwalimu na mashine. Mimi nikasimama mlangoni kuzuia watu. Walikuja, maana habari huku kwetu haihitaji gari.

"Tupishe, mama, tunataka kusikiliza."

"Leo si kusikiliza. Leo ni utafiti."

"Utafiti ni nini?"

"Ni kusikiliza bila watu."

Waliniona nimeanza kurukwa na akili, wakaenda zao.

Ndani, mzee alikaa akaitazama ile mashine. Akatazama ubao. Akatazama ramani ya Afrika ukutani.

"Namwimbia nani?"

"Mashine, jaduong'," nikamwambia nikiwa mlangoni.

"Ya ukoo gani?"

Nilimtafsiria mwalimu. Akasema imetengenezwa ng'ambo. Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa mgeni wake hana baba, akaanza. Aliimba beti moja. Akaimba nyingine. Akaacha mwanya, unajua, pale ambapo mtu huwa anainuka. Hakuinuka mtu. Akajaribu kuisifu ramani kidogo. Akaacha mwanya mwingine. Kisha vidole vikapungua kasi vyenyewe, kama moto usiotiwa kuni, na pete ya chuma ikagonga mara ya mwisho. Dakika tatu.

Mwalimu aliruka. "Umekamilika! Una mwanzo, una mwisho! Safi kabisa, hata kikohozi hakuna!"

Nikatafsiri. Mzee alikuwa anafungua njuga.

"Mwambie huo si wimbo. Huo ni mlango. Amepiga picha ya mlango, sasa anasema ameiona nyumba."

"Jaduong' anasema asante kwa jogoo," nikamwambia mwalimu. Kisha dhamiri ikanisuta, nikamwambia alichosema kweli.

Alibeba mashine yake hadi barabarani. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nikiuza samaki aliyetolewa matumbo, humwambia mnunuzi ametolewa matumbo."

"Humwambia, mama?"

"Akiuliza."

"Kamati haitauliza. Kamati imetaka kitu kizima, nitawapa. Mama, mimi sitaki kurudi kufundisha a-e-i-o-u." Nina watoto wanne. Najua mtu hufanya nini ili asirudi alikotoka.

Siku ya kamati ikafika. Jumba la mikutano la Homa Bay, saa nane mchana, bati likiunguza. Mwenyekiti, yule Profesa wa samaki, alikaa mbele na wenzake wawili wa kamati, na pembeni yao chifu, aliyekuwa amevaa koti zito na kulijutia. Mwalimu alikuwa ametarajia watu saba. Alikuwa amesahau kwamba alinituma mimi nikaombe ufunguo wa jumba, na kuomba ufunguo ni lazima ueleze wa nini. Wachukuzi wa gatini walikuwepo wote. Wanawake wa samaki walikuwepo, beseni miguuni. Yule mvua ya Lambwe alikuwa amepanda lori la pamba kuja. Na katika mstari wa pili, mikono amekunja, bila nyatiti, alikaa mzee wetu. Nilimsalimu.

"Umekuja kusikiliza, jaduong'?"

"Nimekuja kuona mlango ukiuzwa."

Mwalimu alisoma karatasi moja ya Kiingereza. Kisha akabonyeza kitufe. Nyatiti ikajaa jumba. Watu walitazama mashine, wakamtazama mzee aliyekaa kimya, wakatazama mashine tena. Profesa aliinamisha kichwa kwa heshima, saa yake mkononi. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Dakika moja na nusu zaidi, na mwalimu angekuwa na kiti chake.

Mchukuzi mmoja mwenye mabega kama mlango wa ghala akainuka. Akaenda mbele kwa ule mwendo wa mwenye shamba. Akaweka sumuni juu ya mashine, akageukia watu, akasubiri.

Mashine ikaendelea kuimba.

"Nimelipa," akasema.

Ikaendelea.

"Nimelipa! Mbona hainyamazi? Sumuni nzima!"

"Imekula pesa!" mwanamke mmoja wa samaki akasema. "Hiyo ni ya chuo kikuu, nyinyi mlidhani itaogopa?"

"Mashine haina adabu," akasema mwingine. "Si walisema haina ukoo?"

Jumba likaanza kunguruma. Mchukuzi alikuwa ameshaanza kuikunjia mashine mikono ya shati. Mwalimu alisimama kama aliyepigiliwa misumari. Nilimwona anatazama Profesa, anatazama mashine, anatazama mabega ya yule mtu. Nikajua anahesabu, na hesabu haimpi kitu.

Sikufikiri. Au nilifikiri haraka, kama unavyofikiri mizani ikianza kuinama upande usio wako. Nikainuka, nikabonyeza kile kitufe. Tap. Kimya.

"Haya, sema," nikamwambia mchukuzi. "Umelipa."

Akavuta pumzi. "Mimi ngazi ya gatini! Wakubwa wote wamepita juu ya mgongo wangu, hakuna aliyeanguka!"

Vigelegele. Nikabonyeza tena, wimbo ukaendelea kutoka pale ulipokatwa. Lakini ulikuwa wimbo wa darasani, haukumjua mchukuzi. Watu wakahisi. Uso wa mchukuzi ukaporomoka. Ndipo mzee wa mstari wa pili, bila nyatiti, bila hata kusimama, akaingilia kwa sauti yake mwenyewe juu ya ile sauti yake ya utepe, akamchukua ngazi ya gatini, akamweka kwenye beti, akampandisha yeye na migongo ya baba zake hadi paa la jumba. Sauti mbili za mtu mmoja, moja ya kweli, nyingine ya ramani ya Afrika. Nywele za mikono yangu zilisimama, nami si mtu wa kusimamisha nywele ovyo.

Baada ya hapo hakukuwa na wa kuzuia. Mvua ya Lambwe ilikuja. Mwanamke wa samaki alikuja na sarafu ya peni, ile ya tundu, na kusema, "Mimi omena, dagaa wadogo wanaolisha wakubwa!" Chifu alivua koti, akajisifu kwa niaba ya serikali, watu wakampigia makofi ya serikali. Mimi nilikuwa kwenye kitufe. Simama, endelea. Simama, endelea. Nilitazama saa ya ukutani, nikaitazama tena: wimbo wa dakika tatu ulikuwa umechukua saa nzima na bado ulikuwa unapumua.

"Na wewe unayebonyeza!" mzee akaniita mbele ya watu wote. "Ukoo wako umelala?"

"Sina chenji, jaduong'."

Walicheka hadi beseni zikagongana. Kila mtu pale alikuwa amewahi kununua kitu kwangu. Nikatoa senti tano.

"Kwa senti tano," mzee akasema, "utajisifu hadi kwenye kifundo cha mguu."

"Kumi, na unifikishe magotini."

"Sumuni."

"Kumi, na wimbo unaendelea dakika hii hii."

"Haya, kumi, tusikie."

Nikaweka sarafu yangu. "Mimi ninayehesabu mara mbili," nikasema, "kwa sababu mara ya kwanza mlikuwa mnanitazama!"

Wanawake wa samaki walisimama juu ya viti. Mzee alinitia kwenye beti, na nikubali tu kwamba alinifikisha zaidi ya magotini.

Hapo ndipo Profesa alipomwinamia mwalimu. Nilikuwa karibu. Alimuuliza kwa Kiingereza, kisha, kwa kuwa mwalimu hakujibu, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuagizia chai: "Wimbo nakwisha saa ngapi?"

Mwalimu alimtazama. Nilimwona anamtazama mzee pia, na mimi, na ule mlima mdogo wa sarafu juu ya mashine yake. Nadhani aliliona darasa la a-e-i-o-u, mlango wake wazi, chaki tayari. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo:

"Haujaanza kuisha, bwana. Nilikuwa nimekuletea kisicho kamili. Kwenye utepe kuna dakika tatu tu, na mwenyewe amesema huo si wimbo. Huu hapa ndio wimbo. Hauwezi kuingia kabatini."

Nikajisemea, kiti kimekwenda. Kiti kimekwenda na machupa yake yote.

Na pengine mambo yangeishia pale, kama si yule mwanamke wa omena. "Na huyu mpasua samaki? Miaka yote anatuuliza maswali, yeye hana la kusema? Hana kwao?"

"Hana sumuni!" mchukuzi akasema.

Mwalimu hakutaka kutafsiri. Nikatafsiri mimi, polepole, ili asikose kitu. Profesa alijipapasa mifuko ya kaptura. Akatoa shilingi nzima. Watu wakaguna kwa heshima. Shilingi ni kujisifu hadi juu ya kofia. Aliiweka juu ya mashine. Nikabonyeza. Tap.

Profesa aligeukia watu. Alivua miwani, akaivaa tena. Masikio yalikuwa mekundu.

"Mimi," akasema. "Mimi mtoto ya mama moja. Mimi... napenda samaki. Hapana kula. Napenda tu."

Hakuna aliyecheka. Jumba zima liligeuza shingo kwa mzee. Mzee alikuna kidevu. Mtu ameleta shilingi nzima na nyama kidogo hivi. Mpishi mwingine angemrudishia. Kisha akatabasamu, akaanza kuimba: mkwe, mkwe wa samaki! Kila siku anakwenda ukweni, anawauliza mmeamkaje, mmekula nini, na yeye mwenyewe hali!

Kwetu mkwe wa kiume hali chakula nyumbani kwa mama mkwe wake. Huo ni uzito, si mchezo. Kwa hiyo wimbo ule ulimpa Profesa, kwa mara moja, sababu ya mambo yote aliyoyafanya pale gatini miaka yote: si mtu wa kodi, ni mkwe mwenye adabu! Watu walipasuka. Chifu alipigana na kiti chake asianguke kwa kicheko. Nilipomaliza kumweleza Profesa, alicheka taratibu, kama mtu anayejaribu viatu vipya, kisha akacheka hadi akaomba leso.

Zile sarafu alichukua mzee, zote, na ile shilingi. Nilimhesabia mara mbili. Yeye akahesabu ya tatu.

Mwalimu alirudi chuoni na machupa, na kwa mwezi mzima sikusikia lolote. Nikamhesabu kati ya waliopotea. Lakini gatini mambo yalikuwa yameanza kugeuka. Siku chache baada ya jumba lile Profesa alishuka na vitabu vyake kama kawaida, na wachukuzi wakamwita, "Mkwe! Mkwe amekuja!" Akatoa sumuni, wakaacha kazi, wakamsikiliza akijisifu vibaya. Kisha akauliza swali lake la kila siku, mmevua wapi. Mvuvi mmoja mzee akatazama wenzake, akakuna shingo, akanyoosha mkono upande wa kweli. Mwingine akataja idadi ya kweli. Mwanamke wa omena akaongeza kwamba hata mwaka uliopita zile hesabu, tuseme, zilikuwa za mgeni. Mimi nilikuwepo. Nikakohoa, nikasema zangu nazo ziongezwe mara nne.

Profesa alikaa juu ya kamba za mtumbwi. Vitabu vyote, miaka yote ya mwandiko mzuri, ilibidi aanze upya kuhesabu. Nilimwonea huruma, lakini nikamwambia kwa uzoefu wangu kuhesabu mara ya pili ndiko kunakofaa.

Mwalimu aliniambia baadaye kilichosemwa kwenye kamati. Profesa alieleza kwamba mtu wa nyimbo ameshindwa kabisa kuleta kitu kizima, na kwamba kiti chake abaki nacho, kwa kuwa kwa saa moja na nusu kiti hicho kimeleta samaki wengi kuliko wavu. Mtu wa udongo aliuliza wimbo wenyewe una urefu gani. Mwalimu akajibu: inategemea nani yupo. Wakaandika hivyo kwenye karatasi zao, na zikapigwa muhuri.

Kwa hiyo akarudi, kiti cha nyuma, chupa kila upande. Safari hii alitaka lile zeze kubwa la Wakuria, lenye sauti nene kama fahali aliyeamshwa. Nilipanda Landrova pale Migori, tukapita njia ya Kehancha hadi kwa mpigaji mmoja aliyekuwa anakausha tumbaku. Kikuria changu ni cha mpakani, cha kununulia na kuuzia, lakini kinatosha.

Yule mzee alitutazama tukishuka, akaitazama mashine, akaketi vizuri kama anayejiandaa kwa siku ndefu.

"Tuanze na bei," akasema.

"Bei baadaye," nikamwambia. "Kwanza tuambie, nani atakuwepo?"

Akamgeukia mkewe, akamwambia atoe kiti kingine, kile kizuri.